Nilivyokuwa nahesabu mapigo ya moyo wa binti yangu

Binti yangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 31. Waliowahi kulea njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wanajua hiyo namba inavyoganda kichwani, hata leo niamshe usingizini uniulize nitakutajia kabla sijafumbua macho. Mama yake alikuwa ametoka kwenye upasuaji na presha bado inamsumbua, kwahiyo siku za mwanzo aliyekuwa anaingia wodi ya watoto ni mimi, na humo ndimo nilimopatia ugonjwa wa kuhesabu mapigo. Ugonjwa wangu mimi nasema, sio wa mtoto.

Mle ndani kila kichanga kina monita yake, namba ya kijani ni mapigo ya moyo, ya buluu ni oksijeni, chini yake kuna mstari wa pumzi unapanda na kushuka. Wa kwangu alikuwa anasoma 156, 157, 156, 156. Unakaa kwenye kiti nusu saa nzima namba haitikisiki, mi najisemea afadhali, moyo umetulia kama saa ya ukutani. Halafu ghafla bin vuu inaporomoka, 120, 96, 74, mashine inaanza kulia na mtoto mwenyewe kalala tu kama hakuna kitu, isipokuwa pembeni ya mdomo rangi imegeuka. Mara ya kwanza nilisimama nikaita kwa sauti mpaka watoto wa jirani wakaamka. Sista akaja taratibu, yaani utaratibu wa kuudhi, akapitisha mkono kwenye kile kidirisha, akamsugua unyayo kwa kidole kimoja, mtoto akashtuka akavuta pumzi, 88, 130, 152. Akanigeukia akasema "Baba, usiangalie mashine, muangalie mtoto." Nikamjibu sawa sista. Nikaendelea kuangalia mashine.

Kilichokuwa kinatokea nilikuja kuelezwa kwa awamu maana siku zile ukiniambia kitu mara moja hakiingii. Ubongo wa njiti bado haujakomaa kwenye kazi ya kupumua, kwahiyo kuna wakati unasahau tu, pumzi inasimama sekunde kadhaa, oksijeni inashuka na mapigo yanafuata kushuka. Moyo wenyewe hauna kasoro, unaburuzwa na pumzi. Ndio maana kumsugua unyayo kulitosha. Na dawa aliyokuwa anapewa kumbe ni kafeini, hiyohiyo unayoijua wewe, inauchangamsha ubongo ukumbuke kupumua, nilipoambiwa nikacheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie pale. Kadri wiki zilivyosogea, 34, 35, 36 kwa hesabu ya mimba, yale matukio yakapungua, ila hospitali hawakuruhusu mpaka zipite siku kadhaa mfululizo mashine haijalia, ikilia hata mara moja hesabu inaanza upya. Ya kwetu ilianza upya mara tatu. Ya tatu mama yake alikuwa ameshafunga begi.

Nyumbani ndio balaa, maana nyumbani hakuna mashine. Mtu aliyezoea kuona namba kwa wiki tano ukimpa mtoto na ukimya hajui afanye nini. Nikanunua kile kidubwasha cha kubana kidoleni, nikawa usiku nambana kidole cha mguu, kikisoma nalala, kikigoma silali. Usiku mmoja, ana miezi minne, kikasoma 138. Nikaingia mtandaoni nikaandika mapigo ya kawaida ya moyo, jibu likaja 60 mpaka 100 kwa dakika. Sikusoma mstari wa pili. Nilimfunika mtoto, mama yake akavaa viatu viwili visivyofanana, saa nane za usiku tuko mapokezi.

Daktari wa zamu alikuwa kijana tu, amechoka, lakini Mungu ambariki hakunicheka. Akasema hiyo 60 mpaka 100 ni ya watu wazima baba, huyu 138 yake ni ya kawaida kabisa. Akanieleza kwa mfano ambao sijausahau, kwamba anayejaza pipa kwa kikombe lazima aende mbio kuliko anayejaza kwa ndoo. Moyo wa kichanga ni kikombe, ni mdogo na misuli yake bado migumu haitanuki sana, kila pigo linatoa damu kidogo, na mwili wenyewe unakua kwa kasi unataka oksijeni nyingi, kwahiyo njia pekee iliyobaki ni kupiga haraka. Mtu mzima akikimbia moyo unaweza kuongeza kasi na pia ukaongeza kiasi cha damu kwa kila pigo, kichanga ana hiyo ya kwanza tu karibu peke yake. Ndio maana kwa kichanga mapigo yakishuka sana manesi wanakimbia, na cha kwanza wanachoangalia ni pumzi.

Halafu kikombe kinakua. Kichanga akiwa macho ni kama 120 mpaka 160 hivi, akifika mwaka mmoja au miwili anacheza kwenye mia na kitu, wa umri wa kuanza shule akiwa ametulia anakuwa kwenye 80 na 90, na huyo aliyevunja ungo ama aliyebadilika sauti ndio anaingia kwenye ile 60 mpaka 100 yetu. Na zote zinaruka kutokana na hali, akilia zinapanda, akilala zinashuka, akipata homa kila digrii moja inaongeza kama mapigo kumi. Hili la homa nililijua baadae kwa gharama ya safari nyingine ya usiku ambayo siielezi.

Mi ningekuwa mtu wa kawaida ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nishaonja, nikawa nasoma usiku mtoto akinyonya, na ndipo nikakutana na jambo ambalo lilinigeuza kichwa: kupungua kwa mapigo kadri mtoto anavyokua sio habari ya kikombe kuwa ndoo tu. Kuna breki.

Moyo una kinundu chake chenyewe cha kuanzisha mapigo, kiko juu kulia, na kinundu hiki kikiachwa peke yake bila mtu kukigusa, kwa kijana mkubwa kinapiga kama mara 100 kwa dakika. Watu waliopandikizwa moyo wanalijua hili, maana neva zilikatwa wakati wa upasuaji na moyo mpya unakaa kwenye 90 mpaka 110 hata mtu akiwa amejilaza anaangalia dari. Sasa mimi nawe tukikaa tuna 70. Ile 30 imeenda wapi? Imeshikwa na neva inaitwa vagasi, inatoka kwenye shina la ubongo inapita shingoni inashuka kifuani, kazi yake mojawapo ni kuushikilia moyo usikimbie. Upande wa pili kuna neva za kuhimiza, zile za hofu na mbio zinazoshirikiana na adrenalini. Kwa kichanga breki bado haijakomaa, na hasa kwa njiti, kwa sababu vagasi inaendelea kukomaa tumboni mpaka mwisho wa mimba na baada ya hapo inaendelea tena nje, na njiti ametolewa fundi bado yuko kazini.

(Hapa niweke pembeni kidogo. Aliyeonyesha kwamba hii breki inafanya kazi kwa kemikali ni Otto Loewi, kule Graz, Austria, matokeo aliyatoa 1921. Alichukua mioyo miwili ya chura, mmoja akausisimua neva ya vagasi mpaka ukapunguza kasi, akachukua maji uliyokuwa umelowa akauwekea wa pili, na wa pili nao ukapunguza kasi bila kuguswa neva. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia usingizini, akaamka akaandika, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake, likarudi tena usiku uliofuata akaenda maabara hapohapo. 1936 akapewa Nobeli pamoja na Henry Dale. Mi nikiamka usiku nagombana na kidubwasha cha kidole.)

Basi breki ya binti yangu ikafungwa, na ilipofungwa kwanza ikabana kupita kiasi. Alikuwa na mwaka na nusu, akajigonga kichwa kwenye meza, kigongo kidogo hata hakikuvimba, akafungua mdomo kama anataka kulia na sauti haikutoka, akawa mweupe kama karatasi akalegea mikononi mwa mama yake. Sikuambii ile hali. Mama yake anamtikisa, mi nakimbilia maji, na kabla sijafika jikoni ameshafumbua macho ananiangalia anashangaa kelele za nini. Hata dakika haikuisha. Akaja kurudia mara tatu nne mwaka ule. Tukaambiwa ni ile hali ya watoto kuzimia baada ya maumivu au kushtuliwa, wanaopauka hivi vagasi inaukamata moyo kwa nguvu mno, mapigo yanapungua sana au yanasimama sekunde chache, halafu yanarudi yenyewe. Walimpima ECG kuhakikisha umeme wa moyo hauna hitilafu, wakapima damu wakakuta madini ya chuma yako chini wakampa dawa ya maji, na tukaambiwa ikitokea tena mlazeni ubavu, msimtikise, msimmwagie maji, kaeni naye. Kumlaza mtoto aliyepauka vile halafu ukae unamtazama tu ni mtihani mkubwa kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Alipofika miaka minne ilikuwa imekwisha.

Sasa nikuambie la miaka saba, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Jioni moja amelala kwenye sofa kichwa kiko mapajani kwangu na mkono wangu uko kifuani kwake, sikuwa hata nahesabu, nilikuwa nimeacha kabisa, naapa. Vidole vikasikia wenyewe. Du-du-du-du halafu du... du... du... halafu tena du-du-du-du. Yanakimbia, yanasitasita, yanakimbia. Nikatoa simu nikaweka saa, nikahesabu sekunde 15 mara ya kwanza nikapata idadi moja, mara ya pili idadi nyingine, nikasema hii sasa ndio yenyewe, ile ambayo nilikuwa naisubiri miaka yote. Asubuhi hatukwenda shule. Mama yake aliniuliza una uhakika, kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaenda hospitali saa nane za usiku na kiatu cha kushoto na cha kulia cha jozi tofauti.

Daktari wa moyo wa watoto alikuwa mama wa makamo, anaongea kidogo. Akamsikiliza muda mrefu na ile stetoskopu, hasemi kitu, mi naangalia uso wake. Wakambandika vile vibandiko, mashine ikatema karatasi, na kweli kwenye karatasi yale machongoma hayakuwa na nafasi sawa, mengine yamebanana mengine yameachana, nikayaona mwenyewe kwa macho yangu, sikuwa kichaa. Daktari akamwambia mtoto, haya mwanangu vuta pumzi nyingi, ndefuu, halafu ishikilie usiachie mpaka nikwambie. Akavimbisha mashavu. Karatasi ikaendelea kutoka, na machongoma yakajipanga. Sawa sawa sawa, kama meno ya kitana. Achia. Yakaachana tena. Akamtoa vibandiko akamwambia rukaruka hapo mara thelathini, binti akaruka anacheka, akamsikiliza tena akanipa masikio ya stetoskopu na mimi. Haraka, na yamenyooka. "Umesikia baba?"

Akanionyesha na kidole kwenye ile karatasi. Akivuta pumzi moyo unaongeza kasi, akitoa unapunguza, kwa sababu wakati wa kuvuta pumzi vagasi inalegeza breki na wakati wa kutoa inakamata tena. Akishikilia pumzi hakuna wimbi. Akikimbia breki inaachiwa, ndio maana wimbi linapotea. Hii kwa watoto na vijana ni kawaida na kwao ndio inasikika zaidi kuliko kwetu. Halafu akasema sentensi ambayo alikuwa anaisema huku anaandika wala haniangalii, "Ukiniletea mtoto wa miaka saba ametulia na mapigo hayachezi hata kidogo, huyo ndio nitamuuliza maswali mengi."

Nikatoka pale nikakaa kwenye gari sijawasha. Kwa sababu nilikumbuka 156, 157, 156, 156. Ule utulivu niliokuwa naushukuru wodini, ile namba isiyotikisika, kumbe ndio ulikuwa uchanga wenyewe. Njiti hata akifikisha zile wiki 40 mapigo yake yanacheza kidogo kuliko ya mwenzie aliyezaliwa kwa wakati, breki haijashika vizuri, hakuna wa kuyachezesha. Miaka saba nilikuwa naomba moyo wa mwanangu unyooke kama saa, na siku ulipoanza kucheza na pumzi nikampeleka kwa daktari.

Na mtu akinibishia kuhusu kunyooka nina mfano wa pili. Rafiki yangu mtoto wake akiwa na mwezi mmoja na nusu alianza kukataa kunyonya, jasho kichwani, analialia hana raha, wakadhani tumbo. Walipofika hospitali mapigo 240, na kilichomshtua daktari, rafiki yangu anasema, haikuwa ukubwa wa namba tu, ni kwamba ilikuwa imegoma hapohapo, akilia 240, akinyamaza 240, akisinzia 240. Moyo unaotii mwili hauwi hivyo, homa au kilio kinaupandisha na kuushusha. Ule ulikuwa umeme unaozunguka mahali pasipopaswa, na kwa vichanga ukishapita 220 namna hiyo madaktari wanaanza kuufikiria. Wakamwekea mfuko wa barafu usoni kwa sekunde chache na moyo ukarudi ghafla, 150, maana baridi ya uso inaiamsha vagasi ibane breki. Tafadhali usijaribu hili nyumbani, walifanya wakiwa na mashine na dawa pembeni, ninalisema kwa sababu nawajua wazazi, mimi ni mmoja wao.

Ya miaka 13 ni fupi. Amesimama mstarini asubuhi shuleni, jua, hajanywa maji, akaona giza, akaanguka. Nilipofika tayari amekaa anaona aibu. Nilishangaa nilivyokuwa mtulivu, nikauliza maswali yale ambayo nilikuwa nimeulizwa mimi miaka yote: alikuwa amesimama au anakimbia? Alisikia kizunguzungu kwanza au alianguka tu kama gogo? Kwa sababu anayezimia katikati ya mbio, au bila dalili yoyote, au kwenye ukoo kuna kijana aliyefariki ghafla bila sababu kujulikana, huyo haendi nyumbani kupumzika, huyo anakwenda kupimwa moyo upesi. Wa kwangu alikuwa amesimama, aliona giza, alisikia kichefuchefu, damu ilishukia miguuni na vagasi ile ile ikafanya mambo yake, na tuliambiwa baadhi ya waliokuwa wanazimia utotoni wanakuja kuzimia tena hivi kwenye balehe. Tulimpima ECG hata hivyo, iko salama. Sasa anatembea na chupa ya maji na akisikia dalili anakaa chini hapohapo alipo, hata katikati ya watu, aibu baadae.

Siku hizi anakimbia mbio za mita 800 na ana ile saa ya mkononi inayosoma mapigo. Wiki iliyopita ilimwonyesha kwamba usiku akiwa usingizini ilishuka mpaka 52. Akaniletea kama kombe. Nikahisi lile jambo la zamani linaamka tumboni, 52, nikameza mate nikasema safi sana mwanangu.

Akakaa karibu yangu akasema baba hebu lete mkono. Akaweka vidole viwili kwenye kifundo changu kama nilivyomfundisha, akaniambia vuta pumzi, toa, vuta, toa. Nikavuta nikatoa. Amekunja uso anasikiliza kama yule daktari. Halafu akaniuliza mbona wako hauchezi, nikamwambia ukubwani unapungua kucheza mama, ndivyo ulivyo. Akabaki ameushika kidogo, akajishika na wake kwa mkono wa pili kulinganisha, wake ukaenda haraka ukasita ukaenda haraka, niliuona kwenye midomo yake maana alikuwa anahesabu kimoyomoyo, kisha simu yake ikaita akaniachia mkono.